Tahadhari: Nambari ya Kundi Isiamue Nani Atafutwe na Nani Aachwe

Maneno haya ni kwa maofisa wa data katika hospitali na idara za kaunti za Migori na Homa Bay, kwa wahudumu wa afya ya jamii, kwa viongozi wa vyama vya akiba na mikopo, na kwa kila mkazi ambaye jina lake limo katika daftari la kielektroniki. Ikija orodha ya watu ambayo kompyuta imeigawa katika makundi, na kila kundi limekwisha kupewa jina, isimamisheni kwanza. Ulizeni iligawanywaje. Msipopata jibu linaloeleweka, msiitumie kumhudumia wala kumnyima mtu yeyote.

Nayasema sasa kwa kuwa mambo matatu yamekutana. Data imekuwa nyingi: Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua kikosi cha wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchini kote, wakiwa na simu za kunakili habari za kaya mlango kwa mlango, nayo hospitali zimekuwa zikihamisha kumbukumbu za wagonjwa kutoka faili za karatasi hadi kwenye mashine. Watu wa kuishughulikia data hiyo, kwa upande wao, wamepungua. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na katika kaunti hizi mbili, ambako huduma za VVU ziliegemea fedha hizo kwa takriban miaka 20, wako makarani, washauri na wafuatiliaji wa wagonjwa waliojikuta nje ya kazi. La mwisho ni kwamba zana za kuwagawa watu katika makundi zimekuwa za bure, na kasi yake ni ya kutisha. Kijana mwenye laptopu na mistari kumi ya programu anaweza kuligawa daftari la kaunti nzima akisubiri chai ichemke.

Penye kazi nyingi na mikono michache, kishawishi cha kuiachia mashine iseme nani atangulie na nani asubiri huwa kikubwa. Na wanaokubali kishawishi hicho mara nyingi wana nia njema: wanataka kuokoa petroli ya pikipiki, wanataka mgonjwa aliye hatarini afikiwe kabla ya mwenzake. Ndiyo maana inabidi waelezwe kwa undani hatari iko wapi.

Njia ninayoizungumzia ni ile ya ujifunzaji wa mashine usio na msimamizi. Katika njia nyingine kompyuta hupewa mifano pamoja na majibu yake: huyu aliugua, yule hakuugua. Hapa haipewi jibu lolote. Hupewa safu za namba na kuambiwa itenge zinazofanana. Algorithimu iliyoenea kuliko zote ni ya wastani-k, ambayo kila mwanafunzi wa data huijua kwa jina la k-means. Binadamu huchagua idadi ya makundi, tuseme 8. Kompyuta huweka vitovu 8 kwa bahati nasibu, humpeleka kila mtu kwenye kitovu kilicho karibu naye, kisha hukisogeza kila kitovu hadi kwenye wastani wa watu wake, na hurudia hivyo mpaka vitovu vitulie. Stuart Lloyd aliifikiria mwaka wa 1957 akiwa Bell Labs, ingawa makala yake ilichapishwa rasmi mwaka wa 1982. James MacQueen ndiye aliyeipa jina lake mwaka wa 1967.

Sifa yake ni wepesi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,131,950 katika Homa Bay. Ukitaka kumlinganisha kila mmoja na kila mwenzake, kama zinavyofanya njia za kujenga makundi ngazi kwa ngazi, utahitaji vipimo vinavyokaribia bilioni 640, na kuvihifadhi tu kutakula zaidi ya terabaiti 5. Wastani-k wenye makundi 8 unahitaji vipimo milioni 9 kwa kila mzunguko, kazi ya muda mfupi sana kwa laptopu ya kawaida. Wataalamu wameendelea kuiongezea kasi. BIRCH ya mwaka wa 1996 huweza kuisoma data kubwa mara moja tu na kubaki na muhtasari wake. David Arthur na Sergei Vassilvitskii walionyesha mwaka wa 2007 jinsi ya kuchagua vitovu vya mwanzo ili visirundikane mahali pamoja. D. Sculley mwaka wa 2010 alieleza namna ya kupiga hesabu kwa mafungu madogo madogo ya data badala ya data yote kwa mara moja. Kazi hizi ni nzuri na ninaziheshimu. Lakini hakuna hata moja iliyobuniwa kujibu swali la kwanza kabisa, yaani kama makundi hayo yapo.

Mpe mchuuzi wa samaki kule Sindo beseni tano na umwambie azijaze, atazijaza zote tano. Beseni hazikuambii ziwani mna aina ngapi za samaki. Wastani-k ni hivyo hivyo. Ukiuambia 5 utakupa 5, ukiuambia 12 utakupa 12. Ukiulisha namba zilizotupwa ovyo, zisizo na mpangilio wowote, bado utarudi na makundi yaliyokatwa vizuri na kupakwa rangi. Mwaka wa 2002 Jon Kleinberg alithibitisha kihisabati kwamba kuna masharti matatu ambayo mtu yeyote angeyaona ya haki kwa njia ya kugawa makundi, na kwamba hakuna njia inayoweza kuyatimiza yote matatu kwa pamoja. Maana yake kwetu ni kwamba kila mgawanyo umebeba uchaguzi wa mtu fulani, hata kama mtu huyo hajui kwamba amechagua.

Sasa tuje kwenye hatari zenyewe. Naanza na ile inayoweza kuua.

Katika faili ya mgonjwa wa VVU, kipimo kinachotazamwa kuliko vyote ni wingi wa virusi katika damu. Namba ikiwa ndogo, dawa inafanya kazi. Sasa fikiria mama ambaye hajapimwa kwa miaka miwili, kwa sababu alihama ufuo, au kwa sababu sampuli yake haikufika maabara. Mahali pa namba hiyo pako wazi. Algorithimu nyingi hazikubali nafasi iliyo wazi. Programu hugoma na kutoa ujumbe wa kosa. Ofisa aliye na haraka hujaza sifuri ili kazi iendelee. Na sifuri, kwa lugha ya kipimo hiki, ndiyo habari njema kuliko zote: virusi havionekani. Kwa hiyo mama ambaye hakuna ajuaye hali yake anaingia kundi moja na wagonjwa wanaoendelea vizuri kuliko wote, na kundi hilo ndilo litakaloambiwa lisitafutwe. Hakuna taa nyekundu itakayowaka. Vitovu vitatulia, mchoro utatoka safi.

Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka wa 2018 ulikuta kwamba asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay wanaishi na VVU, na Migori asilimia 13.0, wakati kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 4.9. Pahali penye wagonjwa wengi kiasi hicho, kosa dogo la safu moja ya data linagusa kaya nyingi sana.

Hatari nyingine inatokana na namba za msimbo za dodoso. Ili kurahisisha kazi, kazi ya mtu huandikwa kwa tarakimu: 1 ni mvuvi, 2 ni mkulima wa miwa, 3 ni mchimbaji dhahabu, 4 ni mwalimu. Tarakimu hizo ni majina tu. Algorithimu ya wastani-k haijui hivyo. Kwake mvuvi yuko karibu na mkulima wa miwa kuliko alivyo karibu na mwalimu, na wastani wa mvuvi wa Muhuru Bay na mchimbaji dhahabu wa Macalder ni mkulima wa miwa wa Awendo. Huo ni upuuzi, lakini kompyuta itaukokotoa hadi desimali ya sita. Dini, kabila, aina ya paa, chanzo cha maji, hali ya ndoa: vyote huandikwa hivyo katika madodoso yetu. Dawa ya kosa hili imejulikana kwa miaka mingi. John Gower alitoa kipimo cha kufanana kinachochanganya majina na namba mwaka wa 1971, naye Zhexue Huang mwaka wa 1998 akatoa njia ya kasi inayotumia thamani inayojitokeza mara nyingi zaidi badala ya wastani. Kwa hiyo anayegawa watu kwa kuzifanyia hesabu tarakimu za kabila hana udhuru.

Vipimo visivyolingana navyo huharibu kimyakimya. Chukua wakulima wa mfano. Wa kwanza ana ekari 2, ng'ombe 3, na pato la shilingi 60,000 kwa mwaka. Wa pili ana ekari 2, ng'ombe 3, na pato la 75,000. Wa tatu hana ardhi wala ng'ombe, anapanga chumba Rongo na kubeba mizigo sokoni, na pato lake ni 61,000. Kwa macho ya mtu yeyote wawili wa kwanza ni jirani. Kwa algorithimu iliyopewa namba hizo zilivyo, umbali kati ya wa kwanza na wa pili ni 15,000, na kati ya wa kwanza na wa tatu ni 1,000 na punje. Ekari na ng'ombe havikuonekana kabisa, vilimezwa na shilingi. Chama cha mikopo kikitumia makundi ya namna hiyo kuamua nani anafaa kukopeshwa mbegu na mbolea, kitakuwa kinatoa mbegu kwa asiye na pa kupanda. Kila safu lazima isawazishwe kabla ya hesabu. Na namna ya kuisawazisha ni uchaguzi mwingine wa binadamu, ambao nao unapaswa kuandikwa.

Halafu kuna ziwa, na hapa naomba wasomaji wa nje ya ukanda huu wanivumilie, maana ndipo mahali panapojulikana vizuri na wenyeji na kusahauliwa na ramani. Homa Bay na Migori zote mbili zinapakana na Ziwa Victoria. Ukizipa programu latitudo na longitudo za kaya na kuiambia itafute makundi kwa ajili ya kliniki za kuhamahama au ugawaji wa dawa, itapima kwa mstari ulionyooka. Mstari ulionyooka hupita juu ya maji. Mbita itaunganishwa na vijiji vya Uyoma ng'ambo ya mlango wa ghuba, upande wa Siaya, ambako mtu huvuka kwa feri kutoka Luanda Kotieno. Kendu Bay itatazamana na Kisumu kana kwamba ghuba ni uwanja wa mpira. Rusinga ina daraja, unaingia kwa pikipiki. Mfangano unaingia kwa boti, na upepo ukichafuka huingii. Kwa programu visiwa hivyo viwili ni vitone viwili vilivyo karibu. Atakayepanga muuguzi mmoja ahudumie kundi lenye watu wa bara na watu wa Mfangano kwa siku moja amepanga watu wa Mfangano wasihudumiwe.

Tena watu wa ufuoni hawakai kwa duara. Wanakaa kwa utepe, ufuo baada ya ufuo, kutoka Kendu Bay kupitia Homa Bay na Mbita hadi Sindo, na kuendelea kusini mpaka Muhuru Bay karibu na mpaka wa Tanzania. Wastani-k hupendelea makundi ya mviringo yenye ukubwa unaokaribiana, basi huukata utepe huo vipande na kuvibandika kwa vijiji vya nchi kavu ambavyo maisha yao ni mengine kabisa.

Mtaalamu atasema: tumia DBSCAN. Ni kweli, algorithimu hiyo iliyotolewa na Martin Ester, Hans-Peter Kriegel, Jörg Sander na Xiaowei Xu mwaka wa 1996 hufuata msongamano, huweza kutambua kundi lenye umbo la utepe, wala haitaki uiambie idadi ya makundi. Lakini inataka uiambie umbali: majirani wawe karibu kiasi gani ndipo wahesabiwe kundi. Umbali unaofaa katikati ya mji wa Homa Bay au wa Migori ni mfupi mno kwa milima ya Gwassi au Bonde la Lambwe, ambako nyumba zimeachana sana. Na wale wasiofikisha majirani wa kutosha, DBSCAN ina jina lao. Huwaita kelele. Katika programu inayotumiwa zaidi huandikiwa nambari hasi moja, na hatua inayofuata katika mafunzo mengi ya mtandaoni ni kuwafuta ili mchoro upendeze.

Mjane anayeishi peke yake juu ya mlima wa Gwassi, kilomita kadhaa kutoka zahanati, ndiye mtu ambaye huduma ya kuhamahama ilianzishwa kwa ajili yake. Katika jedwali hilo yeye ni kelele, na amefutwa. Nikipewa nafasi ya kupiga marufuku amri moja tu katika kazi zote za data za kaunti hizi, ningepiga marufuku hiyo ya kufuta hasi moja.

Mipaka pia inadanganya. Isebania na Sirari ni mji mmoja uliokatwa na mpaka wa Kenya na Tanzania, na Wakuria wako pande zote mbili. Mtu anaweza kukosa kliniki yake Kehancha kwa miezi mitatu na asiwe amekosa dawa hata siku moja, kwa kuwa alizipata ng'ambo ya mpaka. Wavuvi nao hufuata samaki, leo wako kisiwani Remba, mwezi ujao Ringiti. Algorithimu inayotenga watu kwa idadi ya miadi waliyokosa itawaweka hawa pamoja na mgonjwa aliyekata tamaa na kutupa vidonge. Wote watatu wana namba ileile. Sababu zao hazimo katika safu yoyote ya jedwali.

Hapo ndipo majina yanapoingia, na jina ndilo linalogeuza hesabu kuwa hukumu. Kompyuta hutoa nambari: kundi 0, kundi 1, kundi 2. Kundi 2 halisomeki vizuri katika ripoti, kwa hiyo mtu huliangalia wastani wake na kuliita "wasiofuata dawa", au "wasiokopesheka", au "kaya zinazojiweza". Kuanzia hapo jina husafiri bila hesabu iliyolizaa. Linaingia katika bajeti, linaingia katika simu ya mhudumu wa kijiji, linafika kwa karani wa dirishani ambaye hajawahi kuiona faili ya mwanzo. Mgonjwa anafika akiwa mtu mwenye adabu na saa yake, anapokewa kama mtoro.

Linganisheni na utaratibu ambao zahanati zetu zinao tayari. Tangu mwongozo wa kitaifa wa mwaka wa 2016, wagonjwa wa VVU hutengwa kati ya walioimarika na wale wanaohitaji uangalizi wa karibu, na vigezo vimeandikwa: muda aliotumia dawa, wingi wa virusi, magonjwa nyemelezi na kadhalika. Mgonjwa akiuliza kwa nini anapewa dawa za miezi mitatu na mwenzake za mwezi mmoja, muuguzi ana jibu la sentensi moja, na jibu hilo linaweza kupingwa au kurekebishwa. Akiuliza kwa nini yuko kundi 2, hakuna sentensi hiyo. Yuko huko kwa kuwa yuko karibu na wastani fulani kuliko wastani mwingine, siku ile, kwa vitovu vile vya mwanzo. Kesho programu ikianzishwa upya kwa bahati nasibu nyingine, huenda akaangukia kundi 4.

Sisemi hesabu za mashine hazina nafasi huku. Ukanda huu wa ziwa umetoa mfano mzuri. Utafiti wa SEARCH uliofanywa katika jamii 32 za mashambani Uganda na Kenya, 12 kati yake zikiwa Kenya magharibi, ulitumia ujifunzaji wa mashine kutambua watu walio katika hatari kubwa ya kuambukizwa VVU ili wapewe kinga mapema, na matokeo yalichapishwa mwaka wa 2020. Tofauti yake na ninachokionya ni ya msingi: watafiti walikuwa na jibu la kupimia. Waliwapima watu tena baadaye, wakajua ni nani hasa aliyeambukizwa, wakaweza kusema mashine ilipatia mara ngapi na kukosea mara ngapi. Mgawanyo wa makundi hauna jibu la kupimia. Anayeuleta mezani kama ushahidi ameleta dhana, na dhana inafaa kuanzisha maswali tu.

Hata utabiri wenye jibu la kupimia hukwaruza watu unaposambazwa haraka. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Wakenya wa sekta isiyo rasmi hukadiriwa pato na mfumo wa bima mpya ya afya kwa maswali kuhusu nyumba, choo, mifugo na mengineyo, kisha hutakiwa kulipa asilimia 2.75 ya pato hilo, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi. Malalamiko ya watu walioambiwa wana pato wasilolijua yamesikika hadharani. Ule ni ukadiriaji, tofauti kiufundi na makundi. Lakini umetuonyesha jinsi ilivyo vigumu kumwondoa mtu mahali ambapo mashine imekwisha kumweka.

Kuna madhara mengine ambayo hayarudi nyuma kabisa, nayo ni kufichuliwa. Ofisa ataondoa majina na nambari za vitambulisho, atatangaza kwamba data sasa haina mwenyewe, na kuisambaza. Kundi likiwa na watu 40,000 huenda hakuna wa kutambuliwa. Likiwa na watu watatu, wote wanawake wachuuzi wa samaki, umri wa miaka 30 hadi 34, kisiwa kimoja, kliniki ya Jumanne, kisiwa kizima kitawajua kabla ya jioni. Algorithimu zilizo hodari hupata makundi madogo ya namna hiyo kwa urahisi kuliko zile dhaifu, na hapo uhodari wenyewe unakuwa hatari.

Tumekwisha kuipitia njia hiyo. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza makamishna wa kaunti wakusanye data za watoto wa shule wanaoishi na VVU, walezi wao, na kina mama wajawazito na wanaonyonyesha wenye virusi. Shirika la KELIN na wenzake walikwenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba agizo hilo lilikiuka Katiba, kwa kuvunja faragha ya watu hao na kutozingatia maslahi ya mtoto. Uamuzi huo bado unasimama kama onyo kwa yeyote anayedhani nia njema ya afya ya umma inatosha kuhalalisha orodha.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inaihesabu hali ya afya ya mtu kuwa data nyeti. Kifungu cha 31 kinataka tathmini ya athari ifanywe kabla ya kuanza kazi ya data inayoweza kuhatarisha haki za watu. Kwa kukosekana tathmini hiyo, Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za utambulisho za Huduma, mradi wa serikali nzima, tarehe 14 Oktoba 2021. Kifungu cha 35 kinampa kila mtu haki ya kutofungwa na uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, na hata katika hali hizo lazima ajulishwe kwa maandishi na aweze kuomba uamuzi ufikiriwe upya. Chama cha mikopo cha Uriri au Ndhiwa hakiko juu ya sheria iliyosimamisha kadi ya serikali kuu.

Kwa hiyo ofisa wa data, kabla hujaonyesha mtu mchoro wako, fanya haya. Nafasi zilizo wazi ziache wazi, zihesabu, na uzitaje katika ukurasa wa kwanza wa ripoti. Tenganisha majina na namba. Sawazisha vipimo. Mahali pa umbali wa mstari ulionyooka tumia muda wa safari, ukiwamo muda wa boti. Kisha endesha programu mara nyingi kwa mianzo tofauti, na tena kwa nusu ya data iliyochaguliwa bila mpangilio. Watu wakirukaruka kutoka kundi hadi kundi, huna makundi, sema hivyo na ufunge faili. Tengeneza pia data bandia isiyo na mpangilio, yenye ukubwa sawa na yako, uigawe kwa njia ileile. Ikiwa makundi yako halisi hayakutengana vizuri kuliko hayo ya bandia, kama Robert Tibshirani na wenzake walivyofundisha kupima mwaka wa 2001, huna cha kuripoti.

Ukivuka hapo, chukua watu kadhaa wa kila kundi, hasa wale wa pembeni na wale walioitwa kelele, uwapeleke kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chao, kwa kuzingatia siri zao, umuulize kama wanafanana. Yeye ndiye anayejua nani amevuka kwenda Sirari na nani amelala ndani. Akikuambia hawafanani, mwamini yeye. Na usilipe kundi jina la tabia. Liite kwa kilichopimwa: "waliokosa miadi miwili au zaidi katika mfumo wetu". Jina refu la namna hiyo linachosha kuandika, lakini halimshtaki mtu.

Ninyi mnaohudumiwa, mna haki chini ya kifungu cha 26 cha sheria hiyohiyo kujua data yenu inatumiwaje, kuiona, kupinga matumizi yake na kudai irekebishwe ikiwa si sahihi. Mkiambiwa "mfumo umekuweka hapo", ulizeni kwa maandishi mfumo gani, ulitumia habari gani, na nani aliyeidhinisha. Mkikosa jibu, pelekeni lalamiko kwa Kamishna wa Data.

Na wasimamizi wa afya wa kaunti zote mbili watoe agizo la maandishi sasa, lenye sentensi moja tu: hakuna mgonjwa atakayeondolewa katika ufuatiliaji, wala kaya itakayorukwa, kwa sababu ya nambari ya kundi ambayo hakuna mtu mwenye jina na sahihi aliyeikagua. Agizo hilo halihitaji bajeti. Litolewe kabla orodha ya kwanza haijafika zahanatini.